Kompyuta ya Baiskeli kwa Safari Ndefu: Tuchague Ipi?



Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Njombe ina urefu wa takribani kilometa 60. Abiria wa basi dogo anaweza kusinzia Makambako na kuamshwa stendi ya Njombe. Mwendesha baiskeli hana nafasi hiyo. Yeye huijua barabara hiyo kwa miguu yake: kila mteremko unaompumzisha unafuatwa na mlima unaomdai alichokipata.

Parokia moja ya ukanda huu imepanga safari ya hisani ya baiskeli katika barabara hiyo. Lengo ni kuchangisha fedha za kuwanunulia baiskeli wahudumu wa kujitolea wanaowatembelea wagonjwa majumbani. Marafiki wa parokia walioko Ulaya waliposikia habari hiyo waliandika kwamba wako tayari kununua kompyuta za baiskeli zenye GPS. Siku ya safari zitumiwe na viongozi wa makundi, na baada ya hapo zibaki kwa wahudumu. Waliomba jambo moja tu: kamati iwaambie inataka aina gani.

Kamati ikakaa. Mzee mmoja akaitazama picha ya kifaa hicho kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hiki kidude kinasaidia kupanda mlima?" Watu wakacheka. Hata hivyo, katika maswali yote ya siku ile, hilo ndilo lililokuwa bora. Kifaa hiki kinatusaidia nini hasa? Tumeandika makala hii ili kamati nyingine zitakazokutana na swali kama hilo zisianze mwanzo.

KUNA AINA MBILI

Kompyuta ya baiskeli ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani ili kumwonyesha mwendeshaji amekwenda umbali gani, kwa kasi gani na kwa muda gani. Ziko aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni mita ya sumaku. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele, na kihisio hufungwa kwenye foku. Kila gurudumu linapozunguka mara moja, sumaku hupita mbele ya kihisio na mita huhesabu mzunguko mmoja. Ukiiambia mita mzingo wa gurudumu lako, yenyewe huzidisha na kukupa umbali. Betri yake ni kidonge kama cha saa ya mkononi, na hukaa miezi mingi. Mita hii haijui uko wapi. Inachojua ni idadi ya mizunguko ya gurudumu, basi.

Aina ya pili ni kompyuta yenye GPS. Hii hupokea mawimbi kutoka kwenye setelaiti na kujua mahali ulipo. Kutokana na hilo huweza kuchora njia uliyopita, na zile za bei kubwa zaidi huonyesha ramani na kukuelekeza wapi pa kukata kona. Betri yake huchajiwa kama ya simu. Kampuni kama Garmin, Wahoo, Bryton na Hammerhead hutengeneza vifaa vya namna hii.

GPS INAFANYAJE KAZI?

Wengi hudhani kwamba GPS hutumia mtandao wa simu, na kwamba bila vocha haifanyi kazi. Sivyo. Mfumo wa GPS ni wa Marekani na una setelaiti zipatazo 30 zinazoizunguka dunia katika kimo cha karibu kilometa 20,200. Kila setelaiti ina saa sahihi sana, na hutangaza mfululizo mambo mawili: iko wapi, na ni saa ngapi kwake. Kifaa chako husikiliza tu, hakitumi kitu kwenda juu.

Fikiria radi. Ukiona inamulika upande wa Lupembe, kisha ukahesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, unaweza kukadiria imepiga umbali gani: kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. GPS hufanya hesabu ya namna hiyo, isipokuwa mawimbi yake husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Kifaa hupima mawimbi yamechukua muda gani njiani na kujua umbali wa kila setelaiti. Kikipata setelaiti nne au zaidi, kinaweza kukokotoa mahali kilipo pamoja na kimo chake.

Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa lingeweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa mwezi Mei mwaka huo. Leo kifaa kizuri mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu, na vifaa vingi husikiliza pia mifumo ya Urusi, Ulaya na China, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou. Chini ya miti mirefu iliyosongamana, kama kwenye mashamba yetu ya misindano na mikaratusi, au katika bonde lenye kingo kali, usahihi hupungua.

Kwa hiyo pale ambapo simu haina hata alama moja ya mtandao, GPS bado inaweza kufanya kazi. Kinachoweza kukosekana ni ramani, kama hukuipakua ukiwa bado mjini.

TULIVYOJARIBU WENYEWE

Kabla ya kuishauri kamati, mwandishi wa makala hii na waendeshaji wawili waliijaribu barabara asubuhi moja ya mwezi Julai. Tulibeba vifaa vitatu: mita ya sumaku kwenye baiskeli aina ya Phoenix, simu ya kawaida ya kugusa iliyofungwa kwenye usukani wa baiskeli ya pili, na kompyuta ya GPS ya kuazima kwenye ya tatu. Tulitoka Makambako saa 12 na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya barabara na vidole vikiuma kwa baridi.

Simu ilizima kabla hatujafika nusu ya njia. Kioo chake kilikuwa kinawaka muda wote ili kuonyesha ramani, betri ilikuwa ya zamani, na baridi hupunguza nguvu ya betri. Aliyekuwa na simu hiyo alibaki bila ramani na pia bila njia ya kupiga simu. Hilo la pili ndilo lililotutisha zaidi.

Mita ya sumaku ilitufikisha Njombe bila tatizo, ila umbali wake ulikuwa pungufu kwa zaidi ya kilometa mbili. Kosa lilikuwa letu. Tuliacha kipimo cha gurudumu kilichowekwa kiwandani, karibu mita 2 na sentimeta 10, wakati gurudumu la inchi 28 la Phoenix lina mzingo wa karibu mita 2 na sentimeta 20. Sentimeta 10 kwa kila mzunguko zinaonekana ndogo, lakini katika kilometa 60 zinakula karibu kilometa tatu. Dawa yake ni rahisi. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, panda baiskeli ili tairi libonyee kama kawaida, sukuma mpaka gurudumu lizunguke mara kumi, pima umbali huo kwa utepe, kisha gawanya kwa kumi. Kipimo hicho ndicho utakachoiwekea mita.

Kompyuta ya GPS ilionyesha umbali sahihi, lakini nayo ilituchezea mara mbili. Kwanza, ilikuwa imewekwa ijisimamishe yenyewe mwendo unapopungua. Tuliposhuka na kusukuma baiskeli kwenye mlima mkali, ikadhani tumepumzika, ikaacha kuhesabu. Pili, tuliiomba itutafutie njia, ikatuonyesha njia ya mkato kupitia shamba la miti. Tukaifuata mita mia kadhaa. Mama mmoja aliyejitwisha kuni akatuuliza tunakwenda wapi. Tulipomweleza, akasema kwa upole, "Njia hiyo inaishia wanakopakilia magogo, wanangu. Rudini barabarani." Tukarudi. Kuuliza si ujinga, hata ukiwa na setelaiti 30 juu ya kichwa chako.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA

Kutokana na jaribio hilo tunazishauri kamati zijiulize maswali matano, kwa mpangilio huu.

1. Tunataka kifaa kitujibu swali gani?

Kama swali ni "Tumekwenda kilometa ngapi, na zimebaki ngapi?", mita ya sumaku inatosha. Barabara ya Makambako hadi Njombe ni moja na ina lami. Hakuna atakayepotea akibaki juu yake. Kama swali ni "Tulipita wapi?", mnahitaji GPS inayorekodi njia, hata isiyo na ramani. Kama swali ni "Tukate kona wapi?", hapo tu ndipo ramani kwenye usukani inapokuwa na maana. Kundi linalotaka kwenda Lupembe au Makete kwa njia za vijijini lina swali hilo la tatu. Kundi la barabara kuu halina.

2. Betri itakaa muda gani, na tutaichaji wapi?

Hesabuni saa kwanza. Mtu mwenye baiskeli nzito katika milima yetu huenda wastani wa kilometa 12 hadi 15 kwa saa. Ukiongeza mapumziko, chakula na pancha, kilometa 60 ni saa tano hadi saba. Kompyuta nyingi za GPS za kawaida hudumu saa 15 hivi kwa maelezo ya watengenezaji, kwa hiyo zinatosha. Ziko zinazodumu zaidi: Garmin Edge 1040 Solar iliyotoka mwaka 2022, yenye kioo kinachovuna mwanga wa jua, ilitangazwa kuwa hudumu hadi saa 45. Uwezo huo una maana kwa safari ya siku nyingi, mfano mtu anayeendelea kutoka Njombe hadi Songea, au wale wa msafara wa Twende Butiama ambao tangu mwaka 2019 huendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu Nyerere. Kwa safari ya siku moja, ni kulipia saa ambazo hamtazitumia.

Kumbukeni pia kwamba saa za tangazo hupimwa katika hali nzuri. Baridi ya Juni hadi Agosti, mwanga mkali wa kioo na kufuata ramani hupunguza muda huo. Pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000 huweza kuichaji kompyuta ndogo ya baiskeli mara kadhaa, lakini simu kubwa mara moja na kidogo tu. Kwa vijiji visivyo na umeme wa uhakika, kuna GPS za mkononi kama Garmin eTrex zinazotumia betri mbili ndogo za AA, zile zile za redio na tochi zinazopatikana madukani. Zinaweza kufungwa kwenye usukani kwa kishikio chake. Hazina madoido, lakini betri ikiisha unanunua nyingine dukani na kuendelea.

3. Ramani yake inakijua kijiji chetu?

Vifaa vingi hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Tanzania ina wachangiaji wengi. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza mwaka 2015, umewahamasisha watu wa kujitolea kuchora vijiji vilivyokuwa havionekani kwenye ramani. Hata hivyo ubora hutofautiana. Barabara kuu imechorwa vizuri, lakini njia ya kwenda kigangoni inaweza isiwepo, au ikawepo bila kuonyesha kwamba masika haipitiki.

Kwa hiyo msikiachie kifaa kiwachagulie njia. Kaeni na katekista, mwendesha bodaboda na mtu wa eneo husika, pangeni njia kwa maneno, kisha mtu mmoja aichore kwenye kompyuta au simu na kuiingiza kwenye kifaa kama faili la GPX. Hapo kifaa kitafuata akili ya wenyeji. Chapeni pia nakala ya karatasi kwa kila kiongozi. Karatasi haiishiwi chaji.

4. Itastahimili mvua, baridi na milima yetu?

Tafuteni alama ya IPX7, yenye maana kwamba kifaa kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30 bila kuharibika. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili, hilo ni la lazima. Angalieni pia kama kina vitufe. Vifaa vya kugusa kioo husumbua kidole kikiwa na glavu, au kioo kikiwa kimelowa.

Kuhusu milima, ulizeni kama kifaa kina kipimo cha shinikizo la hewa. Kimo kinachotokana na setelaiti pekee huyumba. Hewa hupungua shinikizo kadiri unavyopanda, na kihisio hicho hutambua hata kupanda kwa mita chache. Njombe iko juu kuliko Makambako, lakini tofauti ya kimo cha miji hiyo miwili haikuambii jasho utakalotoa. Ukipanda mita 50, ukashuka 50, ukapanda tena 50, mwishoni uko juu kwa mita 50 tu, ila miguu imepanda 100. Jumla hiyo ndiyo inayoamua nani apumzishwe wapi na maji yawekwe wapi. Hivyo tukirudi kwa swali la mzee wetu: hapana, kidude hakisaidii kupanda mlima. Kinachoweza kufanya ni kukuambia mlima uliobaki ni mrefu kiasi gani, ili usimalize nguvu mapema.

5. Gharama yote ni kiasi gani?

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongezeni usafirishaji, kodi, kishikio, waya wa kuchajia na kioo kikipasuka. Ulizeni nani atakitengeneza kifaa kikiharibika, maana kukirudisha Ulaya kunaweza kuzidi thamani yake. Ulizeni pia nani atakayekitunza na nani atafundishwa kukitumia. Ile Edge 1040 Solar tuliyoitaja ilitolewa kwa bei ya dola 750 za Marekani. Kamati yenye wahudumu wanaotembea kwa miguu inajua fedha hiyo ingenunua nini.

USALAMA NDIO WA KWANZA

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, na malori mazito hupita usiku na mchana. Kiongozi wa kundi asisome kifaa akiwa kwenye mwendo. Asimame kando ya barabara kwanza. Pangeni safari ili mtu wa mwisho afike kabla ya saa 12 na nusu jioni, kwa sababu baada ya hapo giza huingia haraka. Na kwa kuwa vifaa hivi husoma saa kwa mtindo wa kizungu, waelezeni waendeshaji wote kwamba 06:30 kwenye kioo ni saa 12 na nusu asubuhi. Tumeshuhudia watu wakisubiriana kwa jambo dogo kama hilo.

NANI ATAIONA NJIA YAKO?

Tumefika kwenye jambo lililoijadilisha kamati kuliko bei.

Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba, baada ya safari ya hisani, kila mhudumu wa majumbani afungiwe GPS kwenye baiskeli yake. Kila mwisho wa mwezi njia zake zipakuliwe na kutumwa kwa wafadhili, kama uthibitisho kwamba ziara zimefanyika. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa lilionekana kuwa daftari lisilosema uongo.

Ndipo mama mmoja, ambaye ni mhudumu kwa miaka mingi, akaomba kusema. Alisema: "Mimi nikienda kwa mgonjwa wangu, sipiti njia moja. Siku nyingine nabeba kikapu kama ninayekwenda sokoni. Siku nyingine napitia kwa jirani nisalimie kwanza. Mnajua kwa nini."

Kamati ilijua. Mkoa wa Njombe umekuwa ukiongoza kwa kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 12.7 kwa watu wazima wa mkoa huu, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Dawa zimewarudishia wengi afya na kazi zao, lakini unyanyapaa haujaisha. Mstari kwenye ramani unaoishia kwenye mlango uleule kila Jumanne unasema jambo ambalo mwenye nyumba hajalisema kwa mtu. Katika kijiji kidogo huhitaji jina. Nyumba yenyewe inatosha.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ambayo wakimbiaji na waendesha baiskeli hurekodia mazoezi, ilitoa ramani ya dunia iliyounganisha njia za watumiaji wake bila majina. Januari 2018 watu wakagundua kwamba ramani hiyo ilionyesha mpangilio wa kambi za kijeshi zilizopaswa kuwa siri, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi humo wakiwa na vifaa vyao. Kama njia zisizo na majina ziliweza kuifichua kambi ya jeshi, zitashindwaje kuifichua nyumba ya mgonjwa?

Liko pia suala la sheria. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wote wanaokusanya taarifa za watu, nasi tumo. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, mhudumu huingia nyumba ile kwa sababu anaaminiwa. Tukiivunja imani hiyo ili kuwaridhisha wafadhili, tutakuwa na ramani nzuri ya nyumba ambazo milango yake imefungwa.

KAMATI ILIVYOAMUA

Baada ya majadiliano, kamati iliwaandikia marafiki wa Ulaya maombi madogo kuliko yale waliyokuwa tayari kuyatimiza:

- GPS moja rahisi ya betri za AA, kwa kiongozi wa mbele siku ya safari. Baada ya hapo itakaa ofisini na kutumiwa na vijana kuweka kwenye ramani vitu vya wote: barabara, zahanati, shule na visima. Nyumba za watu hazitawekwa.

- Mita ya sumaku kwa kila baiskeli ya mhudumu, ikiwekewa kipimo sahihi cha gurudumu.

- Fedha iliyobaki iende kwenye baiskeli zenyewe, matairi, tyubu, cheni, pampu na mafunzo ya fundi mmoja kwa kila kigango.

Mita ya sumaku ilichaguliwa kwa wahudumu si kwa sababu ni ya bei nafuu tu. Ilichaguliwa kwa sababu haijui ilipo. Inahesabu kilometa bila kuhesabu milango. Kwa kilometa hizo kamati itajua lini tairi na cheni zibadilishwe, na itaona ni mhudumu yupi anabebeshwa eneo kubwa mno ili apunguziwe.

Marafiki walikubali. Mmoja wao aliuliza, kwa haki kabisa, sasa watajuaje kwamba ziara zinafanyika? Kamati ilijibu hivi: kila mhudumu ana daftari analoandika idadi ya ziara na kilometa za mwezi, bila majina. Msimamizi wa huduma, ambaye anawafahamu wagonjwa kwa ridhaa yao, hulikagua daftari hilo. Wafadhili watapata jumla ya ziara na jumla ya kilometa. Kama wanataka kujua zaidi, wanakaribishwa waje waendeshe baiskeli nasi.

Kwa kamati zinazofikiria ununuzi kama huu, ushauri wetu ni huu: andikeni kwanza swali mnalotaka lijibiwe, kisha nunueni kifaa kidogo kinachotosha kulijibu. Jiulizeni pia ni swali gani lingine kifaa hicho kitamjibu mtu ambaye hamkumkusudia. Kwa marafiki wanaotuchangia, tunaomba mwendelee kutuuliza mnachotaka kujua, nanyi mtupe nafasi ya kuwaeleza kinachowezekana na kisichofaa.

Mzee wetu, baada ya yote, alikubali kufungiwa mita ya sumaku kwenye baiskeli yake. Alipofika nyumbani kutoka kikaoni aliitazama, akasema sasa anajua ni kilometa nne na nusu. Siku zote alikuwa akiwaambia watu ni sita.